Sukari, Hewa na Shaba: Kemia ya Mvinyo Mwepesi wa Morgon

Utangulizi

Kaskazini ya mji wa Lyon, nchini Ufaransa, mna safu ya vilima iitwayo Beaujolais. Katika vilima hivyo kipo kijiji cha Villié-Morgon, na kijijini hapo lipo shamba la ukoo wa Lapierre. Mvinyo mwekundu wa shamba hilo umejulikana kwa mambo mawili: ni mwepesi kinywani, na zabibu zake hulimwa kwa njia za kilimo hai, yaani bila mbolea wala dawa zilizobuniwa viwandani.

Watu wengi wasikiapo habari za mvinyo wa namna hii husema kwamba "hauna kemikali". Kauli hiyo si sahihi, na mwalimu wa kemia hana budi kuisahihisha. Maji ni kemikali, sukari ni kemikali, na rangi ya ganda la zabibu ni kemikali vilevile. Kwa hiyo swali la kisayansi si kama kitu kina kemikali au hakina. Maswali ya kisayansi ni matatu: Ni kitu gani? Ni kiasi gani? Kinakwenda wapi?

Madhumuni ya somo hili ni kuyauliza maswali hayo matatu juu ya vitu vinne: sukari, kaboni dioksaidi, salfa na shaba. Somo halihusu unywaji. Linahusu yale yatendekayo shambani na ndani ya tangi, na hata msomaji asiyegusa kileo maisha yake yote atakuta humo kemia ya kumfaa nyumbani kwake.

Shamba na zabibu yake

Zabibu ya Beaujolais huitwa Gamay. Ganda lake ni jeusi lakini maji yake ni meupe. Rangi yote ya mvinyo hutoka katika ganda. Zabibu hii ina historia ya kukataliwa: mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, alitoa amri ing'olewe katika nchi yake. Ikasalia kusini, katika udongo wa Beaujolais. Sehemu ya kaskazini ya vilima hivyo ina udongo mwingi uliotokana na mwamba wa itale, nao kwa kawaida huwa na asidi. Jambo hilo la asidi litakumbukwa mbele.

Marcel Lapierre (1950–2010) alilishika shamba la baba yake mwaka 1973. Wakati huo wakulima wengi wa Ulaya walitegemea sana dawa za kuua magugu na mbolea za viwandani. Mwaka 1981 alikutana na Jules Chauvet (1907–1989), mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mkemia, ambaye alikuwa amechunguza kwa miaka mingi hamira za asili na njia za kutengeneza mvinyo bila kutia salfa dioksaidi. Tangu hapo Lapierre aliziacha dawa za magugu, akarudia jembe na samadi. Alipofariki mwaka 2010, watoto wake waliiendeleza kazi hiyo.

Punje isiyopondwa

Ni nini kinachoufanya mvinyo uwe mwepesi? Jibu lianze na neno moja la Kiswahili: ukakasi. Aliyepata kula bibo la korosho, au kunywa chai ya rangi iliyochemshwa mno, anaujua ukakasi. Unatokana na jamii ya kemikali ziitwazo tanini, ambazo hushikamana na protini za mate na kuufanya ulimi uwe kama umekauka. Katika zabibu, tanini zimo ndani ya kokwa, ganda na kikonyo. Mvinyo mzito ni ule uliokaa muda mrefu pamoja na maganda na kokwa zilizopondwa, alkoholi ikizitoa tanini kidogo kidogo. Mvinyo mwepesi umepata rangi bila kuzichukua tanini nyingi.

Katika Beaujolais jambo hilo hupatikana kwa kutoziponda zabibu. Vichala huchumwa kwa mkono na kuwekwa vizima ndani ya tangi. Vile vya chini hupasuka kwa uzito wa vile vya juu, maji yake yakavuja, na hamira ndogo zisizoonekana kwa macho zikaanza kuyachachua. Uchachukaji huo hutoa kaboni dioksaidi. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi hulijaza tangi kuanzia chini na kuisukuma oksijeni nje. Baada ya muda mfupi punje nzima za juu huwa zimezama ndani ya kaboni dioksaidi, kana kwamba zimezama majini.

Hapo ndipo ajabu inapoanza. Punje iliyochumwa bado ni kitu hai, na seli zake huendelea kupumua. Oksijeni ikikosekana, seli hizo hazifi mara moja: hutumia vimeng'enya vyake zenyewe kuivunja sukari bila oksijeni, na matokeo yake ni alkoholi na kaboni dioksaidi. Hakuna hamira iliyoingia ndani ya punje. Ni punje yenyewe inayojichachua. Mimea mingine hufanya vivyo hivyo. Mizizi ya mahindi iliyofunikwa na mafuriko nayo hutengeneza alkoholi kwa muda, ikijaribu kuishi pasipo oksijeni.

Alkoholi ndani ya punje ikifika kadiri ya asilimia 2, seli hufa na ganda hulegea. Lakini kabla ya hapo mambo mengine yamekwisha tendeka. Rangi ya ganda imehamia katika nyama ya tunda. Sehemu ya asidi ya maliki, ile iletayo ukali wa tofaa bichi, imevunjwa, na ukali umepungua. Kadhalika zimeumbwa kemikali zinukiazo kama matunda mabivu. Kokwa, kwa kuwa hazikukaa muda mrefu ndani ya alkoholi nyingi, zimebaki na tanini zake. Ndipo vichala hukamuliwa, na hamira humalizia sukari iliyobaki.

Mwaka 1934 mtafiti Mfaransa Michel Flanzy aliweka zabibu ndani ya kaboni dioksaidi kwa nia ya kuzihifadhi zisiharibike. Alipozifungua alikuta zimeanza kuchacha zenyewe. Jaribio la kuhifadhi matunda lilishindwa, lakini likaanzisha uchunguzi wa njia hii ya kutengeneza mvinyo.

Hesabu ya sukari na hewa

Mlinganyo wa uchachukaji ni huu:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Kwa uzito, gramu 180 za sukari hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kaboni dioksaidi. Tuseme lita moja ya maji ya zabibu ina gramu 200 za sukari. Kwa mlinganyo ingetoa gramu 102 za alkoholi, ambazo ni mililita 130 hivi. Katika hali halisi hamira hutumia sehemu ya sukari kujilisha na kuzaana. Kwa sababu hiyo watengenezaji huhesabu kwamba gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya alkoholi. Kwa gramu 200 jibu huwa karibu asilimia 12, na hicho ndicho kipimo cha mvinyo mwepesi.

Sasa itazamwe hewa. Gramu 200 za sukari ni moli 1.11, nazo hutoa moli 2.22 za kaboni dioksaidi. Kila moli moja ya hewa ina ujazo wa lita 22.4 katika nyuzi 0 za Sentigredi na kanieneo ya kawaida. Kwa hiyo lita moja ya maji ya zabibu hutoa karibu lita 50 za kaboni dioksaidi! Tangi la lita 1,000 hutoa lita 50,000, yaani meta za ujazo 50, kiasi cha kukijaza chumba kikubwa cha darasa kwa theluthi moja au zaidi.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu kali ya kumwonya mtu. Hutuama chini: katika sakafu ya ghala, ndani ya tangi, katika shimo. Watu wamefariki katika maghala ya mvinyo kwa kuingia tangini bila tahadhari, na mara nyingi wa pili hufa akimfuata wa kwanza ili kumwokoa. Kanuni hiyohiyo yahusu visima virefu na maghala ya nafaka. Desturi ya kuteremsha mshumaa haitoshi, kwa sababu hewa yenye asilimia 10 ya kaboni dioksaidi yaweza kumzimisha mtu fahamu ilhali mshumaa bado unawaka. Aliyeanguka shimoni asifuatwe na mtu asiye na kamba na msaada juu. Kwanza ipelekwe hewa safi.

Salfa: shambani na tangini

Salfa hutumika kwa sura mbili. Shambani, unga wake hunyunyizwa juu ya majani ili kuzuia ukungu mweupe uitwao oidiamu, na jambo hilo linaruhusiwa katika kilimo hai kwa kuwa salfa ni elementi ipatikanayo katika maumbile. Tangini hutumika salfa dioksaidi, SO₂, ambayo huua bakteria na kuuzuia mvinyo usiharibiwe na oksijeni.

Hapa swali la kiasi ni muhimu. Kwa sheria ya Jumuiya ya Nchi za Ulaya, mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida hauruhusiwi kuzidi miligramu 150 za salfa dioksaidi kwa lita. Ule wa kilimo hai, tangu mavuno ya mwaka 2012, mwisho wake ni miligramu 100. Baadhi ya watu wenye pumu hudhurika na kemikali hiyo. Watengenezaji waliofuata mafundisho ya Chauvet hutia kidogo sana, au hawatii kabisa.

Lakini kitu kikiondolewa, kazi kilichokuwa kikiifanya haiondoki. Ni lazima ifanywe na kingine. Pasipo salfa dioksaidi, kinga ya mvinyo ni usafi wa tangi, ubaridi, asidi ya zabibu yenyewe, na zaidi ya yote afya ya punje. Punje iliyopasuka au kuoza huingiza bakteria wanaougeuza mvinyo kuwa siki. Aidha, njia ya punje nzima iliyoelezwa hapo juu haiwezekani kwa zabibu zilizooza. Kwa hiyo salfa ikipungua tangini, hapana budi afya iongezeke shambani. Na afya ya shambani, katika nchi ya mvua za kiangazi, imetegemea shaba kwa zaidi ya karne moja.

Mrututu wa Bordeaux

Mwaka 1878 ulionekana Ufaransa ugonjwa mpya wa mizabibu, uliotoka Amerika ya Kaskazini. Kiumbe chake huitwa Plasmopara viticola. Majani yalifanya madoa ya manjano juu na ukungu mweupe chini, kisha yakaanguka, na zabibu zikakosa kuiva.

Mwaka 1882 Pierre-Marie Alexis Millardet, profesa wa botania katika Bordeaux, alipita katika mashamba ya Médoc akaona jambo la kushangaza. Mizabibu ya kando ya barabara ilikuwa na majani yake yote, ilhali ile ya ndani ilikuwa imepukutika. Alipouliza aliambiwa kwamba mizabibu ya kando ilinyunyizwa mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili ionekane kama ina sumu, wapita njia wasiibe zabibu. Dawa ya wezi ilikuwa imewazuia adui wawili kwa pamoja! Millardet alishirikiana na mkemia Ulysse Gayon kufanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza matokeo. Dawa hiyo hadi leo huitwa mchanganyiko wa Bordeaux.

Mrututu ni salfeti ya shaba, CuSO₄·5H₂O. Chokaa huipunguza asidi yake isiunguze majani, na kuifanya shaba ishikamane nayo. Mbegu za ukungu huogelea katika utando wa maji ulio juu ya jani. Ioni za shaba zilizomo katika maji hayo huziingia na kuvivuruga vimeng'enya vyake kabla hazijapenya. Lakini shaba haiponyi jani lililokwisha kuingiwa, haiyalindi majani yachipuayo baadaye, na mvua kubwa huiosha. Mvua zikizidi, mkulima hurudia kunyunyiza.

Hesabu ya shaba

Sasa liulizwe swali la tatu: shaba hiyo inakwenda wapi? Inakwenda udongoni, na hapo ndipo penye tofauti kubwa. Dawa nyingi zilizobuniwa viwandani ni molekuli za kaboni, ambazo mwanga na vijidudu vya udongo vyaweza kuzivunja, nyingine upesi na nyingine kwa miaka mingi. Shaba ni elementi. Hakuna kijidudu kiwezacho kuivunja atomi ya shaba. Sehemu ndogo huchukuliwa na mavuno, na nyingine husombwa na mmomonyoko hadi bondeni, lakini haipotei ulimwenguni.

Kwa kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2019, shaba isizidi kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Hapo awali wakulima wa kilimo hai waliruhusiwa wastani wa kilo 6. Kwa kuwa shaba ni karibu robo ya uzito wa mrututu, kilo 4 za shaba ni kama kilo 16 za mrututu.

Tuchukue hekta moja, na udongo wa juu wa kina cha sentimeta 20. Ujazo wake ni meta za ujazo 2,000. Meta moja ya ujazo ikiwa na uzito wa kilo 1,300, udongo wote ni kilo 2,600,000. Kilo 4 za shaba ni miligramu 4,000,000. Ukigawanya, kila kilo ya udongo huongezewa miligramu 1.5 hivi kwa mwaka. Ni kidogo sana. Lakini kwa miaka 50 ni miligramu 77, na kwa miaka 100 ni 154, ikiwa hakuna kilichoondoka. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hiki hakina tundu.

Vipimo vinaafiki hesabu. Uchunguzi wa udongo wa Ulaya uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba udongo wa mashamba ya mizabibu ulikuwa na wastani wa miligramu 49 za shaba kwa kilo, ilhali wastani wa udongo wote ulikuwa karibu 17. Baadhi ya mashamba ya zamani yamepimwa yakazidi 200. Shaba nyingi huwadhuru minyoo wa udongo, ambao ndio wafanyakazi wa mkulima wa kilimo hai. Madhara huzidi udongo unapokuwa na asidi, maana katika asidi ioni za shaba huwa huru zaidi. Na udongo wa itale, kama ilivyotajwa, kwa kawaida una asidi.

Fundo lenyewe

Fundo limeonekana. Mkulima anayetaka mvinyo mwepesi, usiotiwa salfa nyingi, anahitaji punje nzima zenye afya. Katika mwaka wa mvua, punje hizo anazipata kwa shaba. Shaba inakaa katika udongo uleule alioacha dawa za viwandani ili aulinde. Mwaka 2021, baada ya baridi kali ya Aprili kuunguza machipukizi, mvua za kiangazi zilileta ukungu katika mashamba mengi ya Ufaransa. Katika mwaka kama huo mkulima huchagua kati ya mavuno ya mwaka mmoja na udongo wa wajukuu wake.

Hii si hoja ya kukidharau kilimo hai. Dawa za viwandani nazo zina mashtaka yake, maana baadhi zimekutwa katika maji ya visima na mito. Tena kanuni za kilimo hai zimepunguza kiasi cha shaba kila mara ujuzi ulipoongezeka. Wakulima hujifunza kunyunyiza kidogo na kwa wakati ufaao, wakifuata vipimo vya mvua. Hupunguza majani ili hewa ipite na unyevu ukauke. Aidha mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walisajilisha aina nne za mizabibu zenye ukinzani dhidi ya ukungu: Artaban, Floreal, Vidoc na Voltis. Walakini mvinyo mwekundu wenye jina la Morgon hutokana na Gamay. Anayeibadili zabibu aweza kulipoteza jina.

Jambo hili haliko mbali na Afrika ya Mashariki. Dodoma hulima mizabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Tena katika miteremko ya Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya, wakulima wa kahawa wamenyunyiza dawa za shaba kwa miongo mingi ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Hesabu ya shaba iliyofanywa hapo juu kwa mzabibu yaweza kufanywa kwa mbuni bila kubadili hata hatua moja. Mwanafunzi akionyeshwa bidhaa iliyoandikwa "ya asili", asitosheke na neno hilo, wala asilidharau. Aulize: ni kitu gani, ni kiasi gani, kinakwenda wapi?

Jaribio la darasani

Vifaa: chupa mbili, maji ya uvuguvugu, sukari, hamira ya mkate, mpira wenye tundu, na maji ya chokaa yaliyochujwa.

1. Tia maji sawasawa na kijiko kimoja cha hamira katika kila chupa. Chupa ya kwanza iongezewe vijiko viwili vya sukari. Ya pili isitiwe sukari.
2. Pima uzito wa kila chupa na uandike.
3. Pitisha mpira kutoka chupa ya kwanza hadi ndani ya maji ya chokaa. Baada ya muda fanya hivyo kwa chupa ya pili. Angalia ni yapi yanayogeuka meupe kama maziwa.
4. Baada ya siku moja pima uzito tena. Eleza uzito uliopungua umekwenda wapi.

Tahadhari: chupa zisizibwe kabisa, kwani zaweza kupasuka. Kitu chochote kilichomo kisionjwe.

Maswali

1. Lita moja ya maji ya zabibu ina gramu 187 za sukari. Kadiria asilimia ya alkoholi itakayopatikana.
2. Mkulima alitumia kilo 6 za shaba kwa hekta kila mwaka. Kwa kutumia uzito wa udongo uliotajwa, ni miaka mingapi itapita kabla ya kila kilo ya udongo kuongezewa miligramu 100?
3. Kwa nini kuongeza chokaa katika udongo wenye asidi hupunguza madhara ya shaba, ingawa hakuondoi shaba hata kidogo?
4. Eleza kwa nini punje nzima hutoa mvinyo wenye rangi lakini usio na ukakasi mwingi.
5. Jadilini: katika mwaka wa mvua nyingi, mkulima anyunyize shaba hadi mwisho wa kiwango alichoruhusiwa, au akubali kupoteza sehemu ya mavuno? Kila upande utoe hesabu, si maoni matupu.

Majibu: swali la 1, asilimia 11, swali la 2, karibu miaka 43.